Utafiti wa Pwani Unamsaidia Nini Mtu wa Mlimani?

Na Bwana Shamba, Olmotonyi

Hapa kwetu Olmotonyi tumezoea kuwaona wanafunzi. Chuo cha Misitu kipo hapa tangu mwaka 1937. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine nacho kina msitu wake wa mafunzo hapa hapa. Kila mwaka vijana wanakuja. Wengine wanapima miti. Wengine wanachimba mashimo na kuangalia udongo. Wengine wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na madaftari. Wanauliza: Una ng'ombe wangapi? Kwa wiki unatumia mizigo mingapi ya kuni? Mwaka huu mvua ilianza lini?

Wananchi wengi wanawajibu kwa adabu. Lakini vijana wakishaondoka, watu wanaulizana. Hawa wanatafuta nini? Mwaka juzi tuliulizwa. Mwaka jana tuliulizwa. Mbona hatuoni kitu?

Swali hilo ni la haki, na leo nataka kulijibu. Lakini jibu lenyewe nitalichukua mbali, huko pwani, kwa watu wanaoishi kwa bahari. Nimechagua pwani kwa sababu huko mambo yanaonekana vizuri toka mwanzo. Swali la mwanafunzi mmoja lilisaidia kuzaa kazi ya maelfu ya watu. Halafu bahari ikabadilika, kazi ikaingia hatarini. Kisha akina mama na wataalamu wakatafuta njia nyingine pamoja. Tena mtaona kwamba bahari hiyo haiko mbali nasi kama tunavyofikiri.

UTAFITI NI NINI?

Utafiti ni kutafuta jibu la swali kwa utaratibu.

Mkulima naye hufanya utafiti. Anapata mbegu mpya ya maharage. Haipandi shamba zima. Anapanda mistari michache, na pembeni anapanda mbegu yake ya zamani. Wakati wa kuvuna anaangalia ipi imezaa zaidi. Huo ni utafiti.

Mtaalamu anafanya hivyo hivyo, ila yeye anapima, anaandika, na anarudia mara nyingi ili asidanganyike. Mvua ya mwaka mmoja inaweza kumdanganya mtu. Mvua ya miaka mitano haimdanganyi kirahisi.

Karibu na sisi kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian. Wengi wetu tunayajua maharage yanayoitwa Selian 97. Mbegu hiyo haikuokotwa njiani. Watu walichagua, wakapanda, wakapima, wakatupa zile mbaya, wakabaki na iliyo nzuri. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 1997. Ndiyo maana ya namba hiyo.

Katika vyuo vikuu kuna masomo ya juu zaidi. Mtu akimaliza shahada ya kwanza anaweza kusoma shahada ya pili, iitwayo uzamili. Baadaye anaweza kusoma shahada ya tatu, iitwayo uzamivu. Katika masomo hayo mwanafunzi hafundishwi darasani tu. Anatakiwa achague swali, alitafutie jibu mwenyewe, kisha aandike kitabu. Kitabu hicho kinaitwa tasnifu.

Na jibu hilo mara nyingi analitafuta kwa watu. Anakwenda kwa mvuvi, kwa mfugaji, kwa mama anayeuza samaki sokoni. Bila majibu yao hawezi kuandika kitabu. Kwa hiyo mwananchi anayejibu maswali ni mfanyakazi katika utafiti huo, ingawa jina lake halimo juu ya kitabu.

KIJANA WA KILIMANJARO NA MAJANI YA BAHARI

Katika bahari kuna mimea. Mmoja wa mimea hiyo ni mwani. Mwani huota majini juu ya mawe na matumbawe. Mwingine ni wa kijani, mwingine mwekundu, mwingine rangi ya kahawia. Hauna mizizi kama mahindi.

Zamani watu wa pwani waliokota mwani wa porini. Waliukausha na kuwauzia wafanyabiashara, nao wakaupeleka nchi za nje. Lakini mwani wa kuokota hauna uhakika. Leo unapata, kesho hupati. Na watu wengi wakiokota, unakwisha.

Profesa Keto Mshigeni ni mzaliwa wa mkoa wa Kilimanjaro. Ni mtu wa milimani kama sisi. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Marekani. Somo lake lilikuwa mimea ya bahari. Aliporudi akaendelea na kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa na maswali. Katika bahari yetu kuna mwani wa aina gani? Unakua upesi kiasi gani? Je, unaweza kulimwa kama tunavyolima mazao ya nchi kavu?

Wakati huo wananchi wa Ufilipino, nchi ya visiwa iliyoko mashariki ya mbali, walikuwa wameanza kulima mwani. Profesa Mshigeni alisema hata kwetu inawezekana. Alifanya majaribio na kuandika matokeo yake.

Haikuwa kazi ya siku moja. Miaka ilipita. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Mbegu ilitoka Ufilipino. Baadaye kilimo hicho kikaenea Pemba, na huku bara katika mikoa ya pwani kama Tanga, Lindi na Mtwara.

MWANI UNALIMWAJE?

Sisi wa mlimani tunaweza kushangaa. Shamba gani hilo la ndani ya bahari?

Bahari hupwa na kujaa. Kupwa ni maji kurudi nyuma. Kujaa ni maji kuja tena pwani. Maji yakipwa sana, sehemu kubwa ya pwani hubaki na maji ya kufika magotini tu. Hapo ndipo akina mama wanaingia kazini.

Wanapigilia vigingi vya mti mchangani. Wanafunga kamba toka kigingi kimoja hadi kingine. Kwenye kamba wanafungia vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kwa uzi. Maji yakijaa, mwani unafunikwa na unakua. Hauwekewi mbolea. Baada ya wiki sita hivi unavunwa. Kisha unaanikwa juani, unakauka, na unauzwa.

Mwani ukichakatwa kiwandani hutoa ute mzito uitwao karajinani. Ute huo unatiwa katika vyakula ili viwe vizito, kama vile aiskrimu. Hutiwa pia katika dawa ya meno na vipodozi. Inawezekana kabisa kwamba dawa ya meno uliyonunua Ngaramtoni ina kitu kilichotoka baharini.

Huko Zanzibar zaidi ya watu elfu ishirini wameingia katika kazi hii. Katika kila wakulima kumi wa mwani, kama wanane ni wanawake. Kwa akina mama wengi hii ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha yao wenyewe. Walilipia watoto shule. Walinunua vyombo. Wengine walijenga nyumba. Hayo ndiyo yaliyotokana na maswali yaliyoulizwa miaka mingi kabla.

BAHARI ILIPOPATA JOTO

Mwani unaolimwa ni wa aina mbili kubwa. Aina moja inaitwa kotonii. Nyingine inaitwa spinosumu. Kotonii ina bei nzuri zaidi. Mara nyingi bei yake ni kama mara mbili ya ile ya spinosumu. Lakini kotonii ni laini. Inapenda maji ya joto la wastani, kama nyuzi 25 hadi 30. Maji yakizidi joto, inaugua.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kotonii ilianza kufa Unguja. Matawi yaligeuka meupe. Yakalainika, yakakatika, yakachukuliwa na maji. Mama anakwenda shambani na kukuta kamba tupu. Kazi ya wiki nyingi imepotea kwa siku chache. Wengi wakabaki na spinosumu yenye bei ndogo. Wengine wakaacha kabisa.

Kwa nini maji yalipata joto?

Chukua mfano wa blanketi. Usiku wa baridi hapa Meru ukijifunika blanketi moja, joto la mwili wako halitoki upesi. Ukiongeza la pili na la tatu, utatoka jasho. Dunia nayo ina blanketi lake la hewa. Viwanda, magari na mitambo ya umeme vinapochoma makaa ya mawe na mafuta, hutoa hewa ya ukaa. Kukata na kuchoma misitu huongeza hewa hiyo. Hewa hiyo inalifanya blanketi la dunia kuwa zito. Joto linashindwa kutoka. Sehemu kubwa ya joto hilo lililozidi, zaidi ya sehemu tisa katika kumi, imeingia baharini.

Waliochafua hewa zaidi ni nchi zenye viwanda vingi. Mama wa Paje hana kiwanda. Lakini maji yenye joto yamefika shambani kwake.

Samaki nao wameguswa. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Yanafanana na mawe, lakini yamejengwa na viumbe hai wadogo sana. Mwaka 1998 bahari ya upande wetu ilipata joto kubwa. Matumbawe mengi yaligeuka meupe na kufa, toka Kenya hadi Mafia na mbali zaidi. Matumbawe yakifa, baada ya muda yanavunjika, na samaki wanakosa pa kujificha na pa kuzalia. Mvuvi anakwenda mbali zaidi na kurudi na samaki wachache.

Lakini tuseme kweli. Joto si adui pekee. Kwa miaka mingi baadhi ya wavuvi walitumia baruti, ingawa sheria inakataza. Baruti inaua samaki wakubwa, watoto wao na matumbawe kwa mara moja. Wengine walitumia nyavu zenye matundu madogo sana. Mtafiti mzuri hupima mambo yote. Hasemi ni joto tu kabla hajaangalia mengine. Hapo ndipo utafiti unapotofautiana na maneno ya kijiweni.

AKINA MAMA NA WATAALAMU

Kule Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja wa wataalamu waliofanya kazi huko ni Dokta Flower Msuya. Yeye ametumia miaka mingi kuchunguza mwani. Hakukaa ofisini tu. Aliingia majini na wakulima.

Swali lilikuwa hili: Kama maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, je, tukipeleka kotonii kwenye maji ya kina kirefu ambako kuna baridi kidogo, itapona?

Walijaribu. Jibu likawa ndiyo, kotonii inaweza kukua huko. Lakini shida nyingine zilijitokeza. Huko mawimbi ni makali. Mwani uliofungwa kwa uzi unakatika. Wakajaribu nyavu zilizoshonwa kama mfuko mrefu, mwani ukatiwa ndani yake. Halafu kukawa na shida ya kufika. Kwenye kina kirefu hufiki kwa miguu. Unahitaji mashua. Na akina mama wengi hawakujua kuogelea. Kwa hiyo ikabidi wapate mashua na wafundishwe kuogelea.

Angalia jambo hilo vizuri. Kipima joto hakiwezi kusema kwamba mama hajui kuogelea. Mama mwenyewe ndiye anayesema. Mtaalamu asipomsikiliza, atapendekeza njia isiyofanya kazi, hata kama kwenye karatasi ni nzuri.

Jibu la pili lilihusu bei. Mwani mkavu unauzwa kwa bei ndogo, na bei hiyo inapangwa na wanunuzi. Je, tukiutengeneza wenyewe? Mwaka 2006 ilianzishwa jumuiya ya kuwaunganisha wakulima wa mwani, wataalamu na serikali huko Zanzibar. Akina mama walifundishwa kusaga mwani kuwa unga, na kutengeneza sabuni. Kikundi kimoja cha Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kinaitwa Tusife Moyo. Wanatengeneza sabuni ya mwani na kuiuza. Jina lao linatosha kueleza safari waliyopita.

Sisemi kwamba shida zote zimekwisha. Si kila mkulima ana mashua. Si kila mwanamke ana kikundi. Wakulima wengi bado wanalima spinosumu na kupata fedha kidogo. Lakini wanajua adui wao ni nani, na wana njia za kujaribu. Mtu asiyejua kinachomwua mazao hana njia.

PWEZA NA MIEZI MITATU

Nitatoa mfano mwingine mfupi. Pweza ni kiumbe wa bahari mwenye mikono minane. Ni chakula kizuri na ana soko kubwa. Akina mama wa pwani humtafuta kwa miguu juu ya mwamba wakati maji yamepwa. Wanamchokoa kwenye shimo kwa kijiti kirefu.

Wataalamu walichunguza maisha ya pweza. Wakaona kwamba haishi miaka mingi, lakini anakua upesi sana. Ukimwacha miezi michache, mdogo anakuwa mkubwa. Mwaka 2004 kijiji kimoja cha Madagaska, kiitwacho Andavadoaka, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuchokoa hapo. Walipofungua walipata pweza wakubwa.

Habari hiyo ikafika kwetu. Vijiji vya Pemba, kama Kisiwa Panza, vilifanya hivyo pia. Wanakubaliana wenyewe sehemu ya kufunga. Wanafunga kama miezi mitatu. Wanalinda kwa zamu. Siku ya kufungua, kijiji chote kinakwenda.

Sisi wafugaji tunaijua hekima hiyo. Wazee wetu walitenga malisho ya kiangazi. Ng'ombe hawakuingia humo mpaka wakati ufike. Kumbe mvuvi na mfugaji wanafuata akili moja.

BAHARI HIYO NI YETU PIA

Sasa turudi mlimani. Mwananchi anaweza kusema: Hayo ni ya watu wa pwani. Mimi nina mahindi, maharage na ng'ombe wawili.

Kwanza, tazama mto. Mito ya Meru kama Themi, Nduruma na Usa inashuka na kuingia mto Kikuletwa. Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Toka hapo maji yanatoka kwa jina la mto Pangani. Yanapita Korogwe. Yanazungusha mitambo ya umeme huko Hale na Pangani. Mwisho yanaingia Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Ni safari ya zaidi ya kilometa 400.

Mto ukiwa na nguvu, unaisukuma bahari nyuma. Mto ukipungua, maji ya chumvi yanapanda mtoni. Hilo limetokea Pangani. Chumvi imepanda kuliko zamani, na wakulima wa kando ya mto wameona minazi na mazao yao yakidhurika. Sababu ni zaidi ya moja. Mvua inayumba. Watu wameongezeka. Maji mengi yanachukuliwa njiani kwa mashamba na kwa miji. Mifereji mingine inavuja, na maji yanapotea bure.

Kwa hiyo mtu wa Meru akiziba mfereji unaovuja, anamsaidia mtu wa Pangani asiyemjua. Akilima hadi ukingoni mwa kijito, udongo wake unakwenda na maji. Sehemu nyingine unajaza bwawa. Sehemu nyingine unafika baharini na kuchafua maji. Na yeye mwenyewe amepoteza udongo wake mzuri.

Pili, tazama mawingu. Mvua zetu hutegemea sana Bahari ya Hindi. Wataalamu wa hali ya hewa wamegundua jambo hili: Upande wetu wa bahari hiyo ukipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ukapoa, mvua za vuli kwetu huwa kubwa sana. Ndivyo ilivyokuwa vuli ya mwaka 1997 na vuli ya mwaka 2019. Barabara zilikatika na mashamba yalifurika. Upande wetu ukipoa, vuli mara nyingi huwa haba, na malisho yanakauka.

Kwa hiyo anayepima joto la bahari anapima pia mvua ya shamba lako. Utabiri wa msimu unaotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya vuli unatokana na vipimo kama hivyo. Ukiusikia redioni, usiupuuze. Unakusaidia kuchagua mbegu ya muda mfupi au ya muda mrefu.

MTAFITI AKIJA KIJIJINI

Sasa tunarudi kwa yule kijana mwenye daftari mlangoni kwako. Tumfanyeje?

Kwanza, aonyeshe barua. Mtafiti wa kweli anapita ofisi ya wilaya, halafu ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji anamjua. Asiye na barua arudishwe ofisini kwa adabu.

Pili, mwulize naye. Unatafuta jibu la swali gani? Jibu hilo litamsaidia nani? Utaandika jina langu? Mtafiti mwema atakueleza bila kukasirika. Mara nyingi jina lako haliandikwi kitabuni. Tena una haki ya kukataa kujibu, au kuruka swali usilolipenda.

Tatu, ukikubali kujibu, sema kweli. Hapa nataka kusisitiza. Wapo wanaopunguza idadi ya mifugo kwa kuogopa kodi au kijicho. Mwenye ng'ombe kumi anasema watatu. Nyumba mia zikifanya hivyo, kitabu kitasema kijiji kina ng'ombe wachache. Kesho wapangaji wa serikali wakikitumia kitabu hicho, dawa ya josho na chanjo zitakuja pungufu. Nani wa kulaumiwa? Kama hutaki kutaja idadi, sema tu sitaki kutaja. Hiyo ni bora kuliko uongo.

Nne, dai jibu lirudi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tasnifu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na zimekaa kwenye makabati ya vyuo. Ndani yake kuna majibu ya wavuvi, wafugaji na akina mama ambao hawajawahi kuyaona. Kijiji kiwe na daftari la watafiti. Iandikwe tarehe aliyofika, chuo chake, swali lake, na mwezi alioahidi kurudisha majibu. Mwezi huo ukipita, mtendaji aandike barua chuoni kukumbusha.

Mtafiti haombwi kuleta kitabu kizima. Alete karatasi moja au mbili, kwa Kiswahili cha kueleweka. Aandike: Tuliuliza hivi. Tuliona hivi. Tunashauri hivi. Karatasi hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji, halafu ibandikwe ofisini.

Na ninyi vijana wa vyuo mtakaoisoma makala hii, sikieni. Mzee aliyeacha kazi yake saa nzima akakujibu amekupa mali. Ukipata shahada yako, usimsahau. Kumrudishia jibu si hisani. Ni kulipa deni.

Zamani mwananchi aliweza kuambiwa: Hata tukikuletea karatasi utaisomaje? Neno hilo sasa halina nguvu. Wewe unayesoma gazeti hili unajua kusoma. Mama wa Kidoti alipojua kinachoua mwani wake, alianza kutafuta njia nyingine. Nasi tukizipata karatasi za majibu yetu, tutajua la kufanya kuhusu maji, miti na malisho yetu. Basi tuanze kuzidai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kotonii ilianza kufa Unguja?
2. Maji ya Meru yanapita wapi mpaka yafike baharini?
3. Je, kijijini kwenu watafiti wamewahi kufika? Walirudisha majibu?
4. Nani atatunza daftari la watafiti katika kijiji chenu?

MAANA YA MANENO

Tasnifu: kitabu anachoandika mwanafunzi wa masomo ya juu baada ya utafiti wake.
Matumbawe: miamba ya baharini iliyojengwa na viumbe hai wadogo.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma.
Kujaa: maji ya bahari kuja pwani.